Dudu la Mtani

Wivu wa Martina haukuwa wa mume. Mumewe, Abel, alikuwa mtu wa kiwandani Mzinga, mpole, wa kutoka kazini na kurudi nyumbani na baiskeli yake. Huyo hata ungemwacha barabarani wiki nzima, hakuna ambaye angemwokota. Wala haukuwa wivu wa vitenge, wala wa jirani aliyevuta umeme kabla yake. Martina, mama wa watoto wanne, mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo, alimwonea wivu mnyama wa baharini asiye na macho, asiye na mdomo, asiye na mguu wala mkia. Nawaambia kweli tupu. Alimwonea kijicho mpaka akakonda, na watu wakadhani ni malaria.

Kwao ni Matombo, huko kwenye migomba na mdalasini, karibu na misheni. Na kwa Waluguru, kama hujui, mwenye neno juu ya mtoto ni mjomba. Mjomba wake Martina aliitwa Benedikto, na huyo ndiye aliyempeleka msituni akiwa binti mdogo akamwonyesha mti mmoja wa kutibu vidonda sugu. Jina la mti huo halitajwi ovyo mbele ya wageni, kwa hiyo nyumbani waliuita tu mti wa mjomba. Alimfundisha kuchimba mzizi bila kuua mti. Alimfundisha kuukausha kivulini, juu ya ungo, siku tatu, jua lisiuone. Dawa yoyote ya mlimani hukaushwa hivyo, na mtoto yeyote wa Matombo anajua.

Mwaka wa themanini Martina alishuka mjini, akapata kazi ya uhudumu wa maabara kwenye kituo kimoja cha kuchunguza dawa za asili, pale Morogoro chini ya mlima. Kazi yenyewe ilikuwa kutwanga, kuchekecha, kuloweka kwenye spiriti, kuchuja na kuosha chupa. Alitwanga mizizi na magome ya Uluguru nzima mpaka viganja vikawa vigumu. Walikuja madaktari wa vitabu, wakauliza, "Mama Geofrey, huu mti unapatikana wapi?" Naye akapanda mlima akaleta. Wakaandika karatasi zao, wakapata vyeo, wakahama. Karatasi kumi na moja zilitoka kituoni pale kwa miaka kumi na minne. Jina la Martina halikuwemo hata moja, hata pale mwishoni wanapowashukuru madereva.

Halafu akaja Dokta Prisca, Mhaya wa Bukoba, mwanamke mwembamba wa miwani, asiyecheka ovyo lakini mwenye haki. Yeye ndiye aliyeuweka mti wa mjomba kwenye visahani vya kioo vyenye vijidudu vya vidonda. Ukiweka kikaratasi kilicholowa dawa katikati ya vijidudu, na dawa ikiwa na nguvu, kesho yake unakuta duara safi pembeni mwa kikaratasi. Duara likiwa pana, dawa ni kali. Mti wa mjomba ulitoa duara la milimita kumi na moja. Dokta Prisca akapima mara mbili kwa rula.

"Mama Geofrey," alisema, "mti wako utakwenda Ulaya. Wenzetu kule wana mashine ya kuichambua dawa mpaka wajue ni kitu gani hasa ndani yake kinachotibu. Kwenye fomu kuna mstari wa jina la aliyeileta dawa. Hapo tutakuandika wewe."

Martina hakulala vizuri wiki ile kwa furaha. Jina lake, lote, limepigwa chapa, likasomwe na Wazungu! Alimwambia Abel, akawaambia wanajumuiya, akapanda mpaka Matombo kumwambia mjomba. Mzee akauliza swali moja tu, kama na yeye ataandikwa. Martina akamjibu kwamba nafasi ni ya jina moja. Mzee akasema basi liwe lake.

Sasa, nyakati zenyewe ndizo zile za ruksa. Madirisha ya maduka yalijaa sabuni za kila rangi, mitumba ikamwagwa sokoni hadi watoto wa mjini wakavaa makoti ya theluji, na viwanda vikawa vinafungwa kimoja baada ya kingine, watu wanapunguzwa kazi kwa orodha inayobandikwa mlangoni. Serikali haikuleta tena hata spiriti pale kituoni. Ukitaka kununua chupa, umwandikie mfadhili. Na mfadhili ndiye anayekuambia uchunguze nini.

Barua ikaja. Ilisema milima imechunguzwa vya kutosha, sasa tazameni bahari. Ilisema kuna mnyama anaitwa sifongo, anaota kwenye miamba chini ya maji, na ndani yake mna dawa za ajabu.

"Bahari!" Martina alisema. "Morogoro! Labda waende wakaivue kwenye mto."

Lakini mwenye pesa si mwenzako. Akatafutwa mtu wa kuzamia. Ndipo akaja Ahmadi.

Ahmadi alikuwa Mzaramo wa pwani. Alikuja Morogoro kijana, akafanya kazi kiwandani miaka kumi na mitatu, hadi orodha ya mlangoni ilipomtaja. Mkewe, Pili, alikuwa anakaanga vitumbua pale Mji Mpya, na vitumbua hivyo ndivyo vilivyowalisha mwaka mzima. Kituo kilipotangaza kutafuta mzamiaji, Ahmadi akakumbuka kwamba kabla ya kujua mashine alijua maji. Basi kila mwezi alipanda basi hadi pwani, akazamia siku mbili, akarudi na kasha la barafu begani. Alikuwa na mwili mkubwa, kicheko kikubwa, na tabia ya kuleta vitumbua vya mkewe kazini akawagawia watu wote.

Mluguru na Mzaramo ni watani. Hilo halina mjadala. Mtani anakutukana hadharani na hukasiriki, anachukua kofia yako na humdai, anakuombea kifo nawe unamwambia tangulia. Na ukifa kweli, ndiye anayekuja msibani kuwachekesha waliofiwa. Siku ya kwanza tu Ahmadi aliweka kasha chini, akamtazama Martina kwenye kinu chake, akasema kwa sauti ya jengo zima:

"Jamani! Nani kamshusha huyu Mluguru? Ngedere huko kwao wanachungwa na nani?"

"Mzaramo!" Martina akajibu papo hapo. "Umeziacha ngoma za kwenu zinalia, nani kabaki anazicheza? Au umefukuzwa kwa uvivu?"

Watu wakacheka. Kuanzia hapo ikawa ni kila siku, na kila mmoja pale ofisini alingoja saa nne ya chai ili asikie leo watani wameamkaje. Mwanzoni Martina alicheka kama wengine. Alimpenda hata, tuseme ukweli. Ni vigumu kumchukia mtu anayekuletea vitumbua.

Siku moja ya chai Dokta Prisca akawaeleza wafanyakazi habari za sifongo. Alikuwa amemweka kwenye sinia, dongo la rangi ya hudhurungi, lina matundu matundu, linateleza, na harufu yake mtu hawezi kuisahau.

"Huyu ni mnyama," alisema, "msimwone hivi. Hawezi kukimbia, hana meno, hana miba ya maana. Amekaa mahali pamoja maisha yake yote, na kila kipitacho kinataka kumla. Kwa hiyo amejitengenezea sumu yake mwenyewe. Sumu hiyo, ukiipata kwa kipimo, huenda ikaua vijidudu, huenda ikazuia hata uvimbe mbaya. Bado hatujui. Ndiyo maana tunachunguza."

"Na mimi nimekaa mahali pamoja miaka kumi na minne," Martina akasema, "mbona hakuna anayenichunguza?"

Loo, walicheka! Ahmadi alicheka mpaka chai ikampalia. Martina naye akacheka. Lakini hakuwa anatania. Siku hiyo ndiyo aligundua kwamba utani una raha yake nyingine: unaweza kusema lililoko moyoni mbele ya watu, na hakuna atakayelishika.

Jumatatu iliyofuata walitoa visahani. Watu wakajaa mlangoni. Dokta Prisca akaweka rula, akaiondoa, akaiweka tena. Sifongo wa Ahmadi alikuwa amefyeka vijidudu hadi karibu na ukingo wa kisahani. Milimita ishirini na tatu.

Yule mwanamke asiyecheka ovyo akapiga makofi. Akaagiza soda za watu wote. Akamshika Ahmadi mkono akautikisa, akasema, "Ahmadi, umetutoa kimasomaso!" Kisahani cha mti wa mjomba kilikuwa pembeni pale pale, na duara lake la milimita kumi na moja. Miezi michache nyuma lilikuwa duara kubwa. Martina alikitazama akaona kimekuwa kidogo, akataka kukifunika kwa kanga.

Alijua kinachokuja, na kikaja kabla soda hazijaisha. Kituoni alikuwepo mgeni wa mfadhili kutoka Ulaya, angeondoka Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na kifurushi alichoruhusiwa kubeba ni kimoja. Dokta Prisca alimwita ofisini.

"Mama Geofrey, najua nilikuahidi. Lakini umeona mwenyewe. Mti wako utakwenda mwakani, Mungu akipenda."

"Sawa, Dokta."

"Hujakasirika?"

"Nikasirike kwa nini, Dokta? Mwenye nguvu mpishe."

Mwakani! Mwaka wenyewe ule watu walikuwa wanapunguzwa kila mwezi, nani alijua kama mwakani kituo kitakuwepo? Martina alitoka pale akaenda chooni, akalia akiwa ameuma ncha ya kanga. Hakulia kwa huzuni. Alilia kwa hasira ya wivu, ile inayomfanya mtu mzima atamani kuvunja vyombo. Kwa nini yeye? Amekuja jana! Amepigwa redandansi akaokotwa, hajui hata kushika mchi, anarukia tu maji anatoka na dude linalonuka, anapigiwa makofi! Mimi nimepanda mlima na mimba ya Geofrey tumboni. Mimi nimetwanga mpaka vidole vimepinda. Hivyo ndivyo alivyosema, kwa sauti, peke yake, mbele ya ndoo.

Kutoka siku hiyo matusi yake kwa Ahmadi yakawa makali. "Mzaramo, utakufa maji." "Mzaramo, uso umeanza kufanana na dudu lako." Watu wakasema, mama Geofrey siku hizi kanoga! Ahmadi mwenyewe alimsifia.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Sifongo aliyebaki, pande zima la kupelekwa Ulaya, lilikuwa kwenye friza. Mwaka ule ndio wa mgawo wa umeme, leo upo kesho haupo. Agizo la Dokta lilikuwa limebandikwa ukutani: umeme ukikatika, mhudumu wa zamu akalete barafu kwa wauza samaki sokoni, alitie dudu kwenye kasha. Haijalishi ni siku gani. Jumamosi, siku sita kabla ya ile Ijumaa, zamu ilikuwa ya Martina. Dokta alikuwa Dar. Ahmadi alikuwa na msiba wa jirani, akapita asubuhi mara moja.

"Mtani, niangalizie dudu langu."

"Nitalipikia supu," Martina akasema.

"Usisahau pilipili!" Ahmadi akaondoka anacheka.

Saa tatu umeme ukakatika. Saa sita Martina akafungua friza, akaona maji yanachuruzika. Sokoni ni mwendo wa dakika kumi na tano. Alijifunga kanga, akatoka mpaka getini, akasimama. Akarudi. Akalitoa lile pande, akalikatakata vipande vyembamba kama anavyokata mzizi, akavipanga juu ya ungo, akauweka ungo barazani, kivulini, jua lisiuone.

Alijua. Tusimtafutie kisingizio hapa. Alijua kwamba kitu cha baharini si mzizi, kwamba kwenye joto kinaoza na nguvu yake yote inakwenda na maji. Lakini alijua pia watu watasema nini. Alivyokuwa anapanga vipande vile moyoni alisikia utamu, utamu hasa, kama mtu anayekuna upele.

Jumatatu ungo ulikuwa na nzi kuliko bucha. Vipande vimekuwa vyeusi, vinatoa ute, na harufu imefika getini. Dokta Prisca aliposhuka kwenye gari aliziba pua, akaja barazani, akaona. Akakaa kitako kwenye ngazi.

"Mama Geofrey, umefanya nini?"

"Umeme ulikatika, Dokta. Nikaona litaharibika. Nikalianika kama tunavyoanika dawa kwetu."

Dokta alifumbua mdomo, na kabla hajasema, Ahmadi akaingia kati. Alikuwa amesimama pale anaukodolea macho ule ungo, na kwa mara ya kwanza uso wake haukuwa na kicheko. Lakini alimtazama Martina, akamwonea huruma, akavaa kicheko chake tena.

"Dokta, usimseme mtani wangu. Mluguru atajuaje mambo ya bahari? Mluguru ukimpa samaki atamwanika darini kama mahindi! Kosa ni langu, ningekuja mwenyewe." Akageukia wengine. "Nitakwenda kesho. Kesho kutwa nazamia, Alhamisi niko hapa na dudu jipya. Mgeni hataondoka mkono mtupu."

"Bahari imechafuka wiki hii," Dokta alisema. "Nimetoka huko. Hata mashua ndogo hazitoki."

"Chini hakuna upepo, Dokta."

Unaona? Kosa aliloliigiza, ambalo ni mtu wa Matombo tu angeweza kulifanya, lilimkinga kama mwavuli. Hakuna aliyemshuku. Walimsamehe kwa sababu walimdharau kidogo, na hilo nalo likamchoma.

Jumanne asubuhi Ahmadi alipita kituoni na kasha lake kwenda stendi. Martina alikuwa anafagia baraza, harufu bado haijaisha. Walikuwa wawili tu kwa dakika nzima, mpaka wengine walipotoka kumuaga. Katika dakika ile maneno yalimjaa mdomoni. Usiende. Nililianika makusudi. Waache wapeleke mti wangu, wewe baki ule vitumbua na mkeo. Angeweza kuyasema. Hata angeyasema kwa utani, labda angekaa akafikiri. Lakini akamwona anavyotabasamu, mtu aliyesamehe bila hata kuombwa, na ule wivu ukamrudia upya. Huyu hata wema kanizidi!

"Unangoja nini, Mzaramo?" akasema. "Nenda, na samaki nao wale."

Watu walioko mlangoni wakaangua kicheko.

"Wakinila, mtani, usikose kuja," Ahmadi akasema. "Pili hajui kuchekesha."

Jumatano alasiri simu ililia ofisini. Ahmadi alizama mara mbili akatoka mtupu. Mara ya tatu hakutoka. Wavuvi walimpata baada ya saa nzima, mawimbi yamembana mwambani, na mfuko wake mkononi, hauna kitu.

Dokta Prisca aliweka simu chini, akavua miwani, akalia waziwazi mbele ya wafanyakazi wake. Kisha akajipangusa, kwa sababu kazi haimngoji mtu, akamwambia Martina, "Andaa mzizi wako. Ijumaa utakwenda huo."

Na Martina alifurahi. Mungu ndiye shahidi, kabla hajalia, alifurahi. Ilikuwa furaha ya pumzi moja tu, jina langu litakwenda, kisha ikafuata nyingine iliyomkalisha chini sakafuni. Lakini ile ya kwanza ilitangulia, naye aliisikia, na hakupata kuisahau maisha yake yote.

Mwili ulifika Mji Mpya Alhamisi mchana. Shehe alitaka wazike kabla ya alasiri. Uani wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka, na Pili katikati yao, mkavu, hajalia wala kusema tangu jana, amekodoa macho tu. Shangazi mmoja wa marehemu akamwona Martina anaingia na Dokta Prisca. Akanyanyuka.

"Watani wako wapi?" akapaza sauti. "Wazaramo tumefiwa, Waluguru wamejificha wapi? Mtu wetu atazikwa kimyakimya?"

Macho yote yakamgeukia. Abel, aliyekuwa amesimama na wanaume, akamwashiria kwa kichwa kwamba, nenda, ni kazi yako. Hakuna Mluguru anayeitwa hivyo akakataa. Kukataa ni kumtukana maiti.

Basi akaenda. Miwani ya kuzamia ya Ahmadi, iliyorudishwa pamoja na mwili, ilikuwa imening'inia msumarini, na chini yake vile viatu vya mpira vipana kama miguu ya bata. Akavivaa. Akavaa na miwani. Akatoka uani anachapa miguu, chapa, chapa, anapunga mikono kama anayeogelea, na kicheko cha kwanza kikaanza huko nyuma kwa vijana, kikaenea. Jeneza lilipotolewa ndani, akajilaza mlangoni, akapanua miguu ile ya bata.

"Hatoki!" akapiga kelele. "Huyu ni wangu! Haendi popote!"

"Ulipwe nini, mtani?" wakauliza wanaume, jeneza mabegani. "Unamdai nini?"

Ndipo, ndani ya ile miwani, machozi yakaanza kujaa, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mimi ndiye niliyemuua!" Martina akasema.

Uwanja mzima ukacheka.

"Mimi! Dudu lake nililianika makusudi! Sikukosea! Barafu ilikuwepo sokoni!"

Wakazidi. Mtu mmoja akapiga makofi. Shangazi akashika mbavu.

"Nilimwonea wivu! Alipigiwa makofi, mimi sikuwahi kupigiwa. Nikamwambia aende aliwe na samaki, na sikuwa natania! Nasema kweli jamani, sikuwa natania!"

"Mluguru huyu atatuua!" mtu akasema, anafuta machozi ya kicheko. "Anajua, kwa kweli anajua!"

Na Pili akacheka. Alicheka kwa sauti ya ajabu, na kicheko kikageuka, kikawa kilio, kilio kirefu kilichokuwa kimekwama tangu jana. Wanawake wakamshika. Akatambaa hadi pale mlangoni, akamkumbatia Martina na miwani yake.

"Ahsante, mtani," akasema. "Ungekosa wewe ningepasuka." Kisha akamfungua mkono, akamtia sarafu kiganjani kama desturi inavyotaka. "Chukua chako. Mwache mwenzio aende."

Wanaume wakamruka, mmoja mmoja, na jeneza likapita juu yake.

Ni mtu mmoja tu ambaye hakucheka. Dokta Prisca wa Bukoba, asiye na utani na kabila lolote la huku, alikuwa amesimama ukutani, mkoba kifuani, anamtazama.

Ijumaa asubuhi Martina alikuta mzizi umefungwa tayari, na fomu iko mezani kwa Dokta. Mistari yote ilikuwa imepigwa chapa isipokuwa mmoja. Dokta Prisca hakumkaribisha kiti.

"Jana nilikuwepo," alisema.

"Nilikuona, Dokta."

Dokta akasogeza kalamu hadi ukingoni mwa meza. "Jina la aliyeleta dawa. Andika mwenyewe."

Martina akaishika kalamu. Nje gari la kwenda uwanja wa ndege lilikuwa linaunguruma. Akauliza, bila kuinua uso, kama kuna uwezekano wa kuandika majina mawili.

"Nafasi ni moja," Dokta akasema.

Martina akaandika lake.